Kata ya Reli, mji usio na reli: Mtwara na njia ya treni iliyoishi miaka michache

Ukishuka stendi ya Mtwara ukamwambia bodaboda, "Kaka, nipeleke Reli," hatakuuliza reli ipi. Atakupeleka. Reli ni kata ya mjini kama zilivyo Shangani, Chuno na Rahaleo: ina nyumba, ina maduka, ina watoto wanaofukuzana na mpira jua likipungua makali. Kitu kimoja tu haina, nacho ni reli yenyewe. Huoni chuma, huoni taruma, husikii honi. Mji mzima hauna treni, na mkoa mzima hauna.

Ukiuliza ilikwenda wapi, utajibiwa, ila majibu huja vipandevipande. Mmoja atasema ilikuwa ya Mjerumani. Wa pili atasema ilikuwa reli ya karanga. Wa tatu atakuambia iling'olewa tulipopata uhuru, na sauti yake itabeba lile donge ambalo watu wa kusini wamekaa nalo kooni miaka mingi, kwamba kila kizuri kikifika kwao hakikai. Katika majibu hayo matatu kuna ukweli, kuna makosa, na kuna mambo mawili ambayo hayasemwi kabisa. Nimeona niyafumue moja moja, kwa sababu reli ile ilijengwa kwa fedha nyingi na jasho jingi, ikatoweka kabla mtoto aliyezaliwa siku inaanza hajamaliza shule, na hadi leo wengi hawajaelezwa kwa utulivu ni nini hasa kilitokea.

Tuanze na Mjerumani, kwa kuwa yeye hachukui muda mrefu. Wajerumani walijenga reli mbili kubwa katika nchi hii. Ya kwanza walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikapanda taratibu mpaka Moshi. Ya pili ni Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kusini pia walikuwa na ndoto: njia kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Wapimaji walipita, ramani zikachorwa, kisha ikaja Vita ya Majimaji, halafu vita ya wazungu wenyewe kwa wenyewe, na ndoto ikabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo boma la Mikindani, lile jeupe lililojengwa mwaka 1895, ni la Mjerumani kweli. Reli ya Mtwara si yake.

Waingereza walipochukua nchi baada ya vita, kwa robo karne nzima hawakuona sababu ya kupeleka reli kubwa kusini. Mkonge wa Lindi na Mikindani ulipakiwa kwenye vyombo vidogo pwani. Mkulima wa uwanda wa Makonde alibeba mzigo wake kichwani kuteremka bondeni, na mvua zikianza barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Rufiji, ikawa ndiyo basi mpaka kiangazi. Mtu wa Newala aliyetaka kufika Dar es Salaam alikuwa na njia moja ya kuaminika: bahari.

Bahari hiyo ndiyo inayotufikisha Mtwara yenyewe, ambayo wakati huo haikuwa mji. Mikindani ulikuwa mji wa siku nyingi, wenye nyumba za mawe, misikiti na biashara ya majahazi. Kutoka hapo David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mtwara, kilomita kama kumi upande wa mashariki, kilikuwa kijiji cha wavuvi. Wenyeji hulihusisha jina lake na neno la Kimakonde *kutwara*, yaani kuchukua. Sasa mtu angetarajia kwamba bandari mpya na reli mpya vingewekwa Mikindani, palipo na mji, na si kijijini. Ila jahazi na meli ya chuma hazipendi bahari ya aina moja. Jahazi hupenda maji mafupi. Maji yakijaa huingia karibu na ufuko, yakitoka hukaa juu ya mchanga, na wapagazi huteremsha mzigo kwa miguu, kisha maji yakirudi huelea tena na kuondoka. Meli ya tani elfu kadhaa ikikaa mchangani imekwisha. Inataka kina kirefu saa zote, na inataka kukingwa na mawimbi. Ghuba ya Mtwara ina vyote viwili: mlango mwembamba, kina kizuri ndani, na rasi ya Msanga Mkuu imelala mbele kama kiganja kinachokinga taa dhidi ya upepo. Wavuvi walikuwa wakivuka maji hayo kwenda Msanga Mkuu kila siku. Walikuwa juu ya moja ya bandari bora za asili katika mwambao huu, na kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Haja ilitoka jikoni, mbali sana

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haikuwa na mafuta ya kupikia. Watu walipimiwa siagi, majarini na mafuta kwa kadi, na Wizara ya Chakula ilikuwa ikitafuta kila pembe ya dunia. Hapo ndipo Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipokuja na wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine, katika mashamba ya ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akague ardhi pamoja na wenzake wawili. Waliizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Februari 1947 mpango ukatangazwa mbele ya bunge la Uingereza, John Strachey akiwa ndiye Waziri wa Chakula.

Mpango ulisema hivi: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 10 yawe Kenya, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 80 yawe Tanganyika. Gharama ingekuwa pauni milioni 24 hivi. Wengi wakisikia mpango wa karanga hukumbuka Kongwa, na ni haki yao, kwa sababu ndiko ulikoanzia na ndiko ulikoaibikia. Lakini tazama jinsi yale mashamba 80 yalivyogawanywa. Kongwa na jimbo la kati walipewa 15. Urambo na magharibi, 10. Mashamba 55 yaliyobaki, yaani ekari 1,650,000, yalipangiwa Jimbo la Kusini, kitovu chake kikiwa Nachingwea.

Hili ndilo jambo la kwanza kati ya yale mawili ambayo hayasemwi. Kusini ndiko kulikokuwa na uzito wote. Kongwa ilitangulia kwa sababu tu ilikuwa karibu na Reli ya Kati, na mashine zingeweza kufika mara moja. Nachingwea ilikuwa ndani kabisa, bila reli, bila barabara ya kutegemewa, na pwani yake haikuwa na gati hata moja la meli kubwa. Kwa hiyo ndani ya mpango wa karanga kulikuwa na mpango mwingine mkubwa vilevile: kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya geji ya mita moja, yaani upana kati ya vyuma viwili, yenye urefu wa takribani kilomita 200 kutoka hapo hadi Nachingwea. Kijiji cha wavuvi kikachorewa mji mzima. Barabara pana zikapimwa, viwanja vikaachanishwa mbalimbali, eneo la bandari huku, makazi ya wakubwa kule Shangani, stesheni na karakana mahali pake. Anayeshangaa leo kwa nini Mtwara imetawanyika namna ile, kwa nini kutoka mtaa hadi mtaa kuna mapengo ya nyasi na mikorosho, anautazama mchoro wa mji uliotarajia watu wengi mno ambao hawakuja kwa wakati uliopangwa.

Kujenga reli mahali pasipo na bandari ni fumbo gumu, na inafaa tulitazame kwa karibu. Trekta za kufyeka pori la Nachingwea zilikuwa nzito, haziwezi kufika bila reli. Reli inahitaji vyuma, mataruma, saruji, vichwa vya treni na mabehewa, vyote vitoke ng'ambo kwa meli. Meli inahitaji gati, na gati la Mtwara lingechukua miaka kujengwa. Wahandisi hawakuweza kukaa kusubiri, kwa hiyo walitafuta mlango wa uani. Waliupata Mkwaya, kijiji kilichomo ndani ya hori ya Lindi, mahali mto Lukuledi unapokutana na bahari. Meli zilitia nanga Lindi, mizigo ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa kwenye hori hadi Mkwaya, na kutoka hapo reli ikaanza kupanda bonde la Lukuledi, katikati ya uwanda wa Makonde na ule wa Rondo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 treni zilikuwa zinakwenda Nachingwea kutokea Mkwaya, wakati Mtwara bado inachimbwa. Njia ya kutoka Mtwara ingekuja kuungana nayo huko bara, sehemu ya Ruo.

Kwa hiyo vijiji vya pwani vilivyobebeshwa reli hii si kimoja, ni viwili. Mkwaya ilitangulia, ikafanya kazi ya dharura, na siku Mtwara ilipokuwa tayari umuhimu wake ukaisha. Naihurumia sana Mkwaya kwa sababu hata jina la kata haikuachiwa. Lindi nayo, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini tangu zamani, ilinyang'anywa hadhi hiyo ikapewa Mtwara katika miaka ya 1950. Reli ilikuwa na nguvu ya kubadilisha cheo cha mji hata kabla haijabeba gunia.

Shehena ambayo haikuja

Kushindwa kwa karanga kumesimuliwa mara nyingi, nitapita haraka. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, hula majembe ya trekta na hukataa kuiachia karanga wakati wa kuvuna. Mvua haikuwa ile iliyodhaniwa. Trekta zilizonunuliwa zilikuwa mabaki ya vita, nyingine vifaru vilivyogeuzwa, na zilikufa kwa wingi kuliko mafundi walivyoweza kuzifufua. Karibu na Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini pori lilikuwa zito na mizizi yake ilikwenda chini kuliko plau zilivyofika. Hakuna aliyefanya shamba la majaribio la misimu miwili mitatu kabla ya kuagiza mashine. Mkulima yeyote wa Kigogo au wa Kimwera angeulizwa, angesema ardhi ile inataka nini, hakuulizwa. Mwishoni kiasi cha karanga kilichovunwa kilikuwa kidogo kuliko mbegu zilizonunuliwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Sasa weka tarehe zile kando kwa kando. Mpango wa karanga umekufa mwanzoni mwa 1951. Bandari ya Mtwara, yenye gati la urefu wa mita 385, ilikamilika mwaka 1954. Reli kutoka Mtwara ilianza kazi yake kamili pamoja na bandari hiyo. Maana yake ni kwamba reli ya karanga ilipofunguliwa kwa shughuli zake, karanga ilikuwa imeshazikwa miaka mitatu. Haikufa kwa kuchakaa wala kwa uzembe wa waliokuja baadaye. Ilizaliwa yatima.

Kwa nini basi waliendelea kuijenga? Nionavyo mimi, kazi ilikuwa imefika mahali ambapo kuiacha kungekuwa hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Mikataba ilikuwa imetiwa saini, vyuma vilikuwa vimefika, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ambayo kusini haikuwa imewekeza kitu cha maana, ilipata bandari ambayo kwa fedha zake yenyewe isingeithubutu. Walitumaini kwamba reli ikiwepo, mizigo itaifuata. Njia iliongezwa hata tawi la kuelekea Masasi mwishoni mwa miaka ya 1950. Tumaini hilo halikuwa la kijinga. Ila lilihitaji subira, na reli ni kitu kisichojua kusubiri.

Hapa ndipo kwenye fundo lenyewe. Gharama ya lori inafuata safari: lisipotembea, halili mafuta, dereva anaweza kupumzishwa, na mwenye lori anaweza kulipeleka mkoa mwingine wenye mavuno. Gharama ya reli haifuati safari. Ipite treni moja kwa wiki au zipite kumi kwa siku, mataruma yanaoza vilevile na mchwa, mvua za masika zinachimba tuta vilevile, madaraja na makalvati yanataka kukaguliwa, nyasi zinataka kufyekwa, stesheni masta anataka mshahara, fundi wa karakana anataka mshahara. Mzigo ukiwa mwingi, gharama hiyo inagawanyika kwa tani nyingi na kila tani inasafiri kwa bei rahisi kuliko lori lolote. Mzigo ukiwa kidogo, kila gunia linabeba mzigo wa reli nzima mgongoni. Reli ya kusini ilichorwa kwa mavuno ya ekari milioni na nusu. Ikapewa mbao kidogo, mkonge kidogo, mazao ya mashamba yaliyobaki Nachingwea, na abiria ambao wengi wao hawakuwa na fedha.

Jambo la pili lisilosemwa ni kwamba reli hiyo ilikuwa kisiwa. Haikuungana na Reli ya Kati wala na nyingine yoyote. Ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, lakini kwa kazi za kila siku shirika hilo halikuweza kuisaidia. Kichwa cha treni kikiharibika Tabora, kingine kinatoka Dar es Salaam usiku huohuo. Kikiharibika Nachingwea, cha akiba lazima kiwe kimekaa hapohapo kusini mwaka mzima bila kazi, au kije kwa meli. Behewa lililokosa mzigo Mtwara halikuweza kwenda kubeba pamba ya Mwanza. Karakana, vipuri, mafundi, vyote vilikuwa vya njia ya kilomita 200 peke yake. Kongwa, iliyoshindwa vibaya zaidi, haikupata adhabu hii. Tawi lake dogo lilifungwa mwaka 1956, lakini Reli ya Kati ilibaki karibu. Urambo ipo juu ya Reli ya Kati kabisa, karanga ziliposhindwa ikahamia tumbaku na treni ikaendelea kupita. Kusini peke yake ndiko ambako kila kitu kilitegemea zao moja, na zao lilipoanguka hapakuwa na pa kushikia.

Nani aliing'oa

Reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa imetoka tu kupata uhuru Desemba 1961. Ndiyo maana yule mtu wa tatu anasema iling'olewa tulipojitawala, na kwa tarehe hajakosea. Serikali changa, yenye hazina nyepesi na mahitaji lukuki, ilikuwa na reli ambayo kila mwaka ilikula zaidi ya ilichozalisha. Wakati huohuo mkondo wa reli mpya ulikuwa ukielekea kwingine. Mwaka 1963 Reli ya Kati iliunganishwa na ya Tanga kwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Tawi la kutoka Kilosa lilifika Kidatu mwaka 1965, penye miwa ya Kilombero. Ukitazama kwa macho ya mhasibu, uamuzi unaeleweka: unganisha palipo na mzigo, ondoa palipo na hasara.

Nimejaribu kuutazama kwa macho hayo na bado moyo unakataa kidogo, na sababu yangu ni korosho. Mkorosho hauna haraka. Ukipanda leo, unaanza kukulipa baada ya miaka mitatu au minne, na unafika nguvu zake kamili baadaye zaidi. Miaka ileile ya 1950, reli ilipokuwa inahesabiwa hasara, wakulima wa Newala, Masasi, Nachingwea na Lindi walikuwa wanapanda mikorosho kwa maelfu, bila trekta, bila waraka wa bunge lolote, kila mmoja kwenye kishamba chake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa sana ikitoka kusini. Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kutoka eneo hilo. Ulifika pwani kwa malori, kwenye barabara za vumbi, miaka kumi na ushei baada ya reli kuondolewa kwenye bonde hilohilo.

Anayebisha atasema, na ana hoja, kwamba korosho nazo ziliporomoka. Baada ya watu kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mikorosho mingi iliachwa mbali na makazi, bei ikadidimia, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Tena korosho ni mzigo wa msimu. Oktoba hadi Januari maghala yanafurika, halafu miezi inayobaki reli ingekuwa inasubiri tena. Hiyo ni kweli yote. Lakini kuna tofauti kati ya reli inayopata hasara baadhi ya miaka na reli isiyokuwepo. Njia ikishang'olewa, kuirudisha si kurudisha vyuma tu: tuta limemomonyoka, njia imegeuka mashamba na nyumba za watu, mafundi wamehama, na itabidi fedha zitafutwe upya kana kwamba hakukuwahi kuwa na kitu. Bandari, kwa upande wake, ilisubiri. Gati la zege halihitaji kufyekewa nyasi na kina cha ghuba hakipungui kwa kukosa meli. Bandari ya Mtwara ilikaa nusu usingizi kwa miongo, ikiamka kila msimu wa korosho, na siku kazi ilipoongezeka ilikuwa bado ipo mahali pake.

Kwa mkazi wa kawaida, kukosa reli kulikuwa na sura yake ya kila siku. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, viliigeuza mikoa ya kusini kuwa uwanja wa mstari wa mbele, na Nachingwea, ile ya karanga, ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilibaki ya kukisia. Wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara, wote walikaa kwenye kivuko cha Rufiji wakisubiri maji yapungue, wakati mwingine kwa siku kadhaa, wakilala chini ya lori. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ilikuja kukamilika miaka mingi baadaye. Nusu karne yote hiyo, maneno "kule kusini" yalitamkwa Dar es Salaam kama mtu anayezungumzia nchi ya mbali.

Siku hizi mzigo upo. Korosho zilirudi na kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Kiwanda kikubwa cha saruji kinafanya kazi nje kidogo ya mji. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanasafirishwa kwenda nje kupitia gati la Mtwara, ambalo limeongezwa urefu, na yanateremka kutoka Songea kwa malori yaliyofuatana kama siafu, yakiichosha lami iliyosubiriwa kwa miaka hamsini. Gesi ya Mnazi Bay nayo haikuhitaji reli. Tangu 2015 inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam, jambo ambalo miaka miwili kabla lilikuwa limewatoa watu barabarani kwa hasira. Na serikali kwa miaka mingi sasa imekuwa na mpango wa reli mpya ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe, takribani kilomita 1,000 kwa jumla.

Mtu akiniuliza kama hiyo itafanikiwa palipokufa ya kwanza, nitamrudisha kwenye mambo mawili tuliyoyaona. Je, inategemea shehena moja? Hapana: chuma, makaa, saruji, korosho, na mizigo ya Malawi inayoweza kuvuka ziwa, na makaa ya mawe hayana msimu. Je, ni kisiwa? Hapo nina wasiwasi zaidi. Mbamba Bay ni ufuko wa ziwa, na reli inayoishia ufukoni inategemea meli upande wa pili; isipounganishwa na Reli ya TAZARA, ile inayokwenda Zambia, mahali fulani, kichwa chake cha treni kikiharibika kitakuwa katika hali ileile ya Nachingwea ya 1955. Hilo ndilo swali ambalo wananchi wa kusini wanapaswa kulisikia likijibiwa kila mpango huo unapotajwa, kabla ya kusikia kasi ya treni na uzuri wa mabehewa.

Ukitoka Mtwara mjini kwa barabara ya kuelekea Newala utapita Naliendele, penye kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia korosho na mazao ya mafuta. Watafiti wa hapo wamefanya kazi ambayo wale wa 1947 hawakuipa nafasi: wamezipanda karanga kwenye udongo wa kwetu msimu baada ya msimu, wakazitazama zinavyostahimili ukame na magonjwa, wakachagua. Mbegu zilizotoka mwaka 2009 wamezipa majina ya mahali. Moja inaitwa Masasi. Nyingine inaitwa Nachingwea. Mama mwenye ekari moja anazipanda kwa jembe la mkono, anavuna, anachemsha za watoto, na gunia linalobaki analipakia juu ya basi.